Kufuli la Maabara

Kwa miaka kumi na minane mtunza maabara wa shule ile hakuvunja hata neli moja ya kioo, na hakumpa mtu mwingine nafasi ya kuivunja. Jambo hilo alilisema kila alipopata masikio ya kumsikiliza: harusini, msibani, hata akiwa amefungwa kitambaa shingoni kwa kinyozi. Wanafunzi walimwita Bwana Funguo, kwa sababu kishada cha funguo kilichoning'inia kiunoni mwake kilisikika kabla yeye mwenyewe hajakata kona. Watoro wa vipindi walikishukuru sana kishada hicho. Kiliwaokoa mara nyingi.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu mwishoni mwa jengo la kidato cha nne. Ndani mlikuwa na meza sita za mbao nene, sinki mbili, na kabati la vioo lililojaa vyombo vilivyopangwa kwa urefu, vifupi mbele na virefu nyuma, kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Kila Jumatatu alivipangusa vumbi. Kila Ijumaa alifungua droo ya chini, akavitoa vishikwambi kumi ambavyo shule ililetewa na wafadhili miaka minne nyuma, akavichomeka kwenye umeme, akasubiri vijae, akavizima na kuvirudisha, kila kimoja katika mfuko wake wa nailoni, kikiwa bado na ile karatasi laini ya kiwandani juu ya kioo. Kisha aliandika daftarini: "Kumi. Vimejaa. Salama." Hapakuwa na kidole cha mwanafunzi kilichowahi kuvigusa, na Mkuu wa shule alipenda iwe hivyo. Wageni walipokuja, Mkuu aliwaongoza mpaka mlangoni, Bwana Funguo akafungua lile kufuli kubwa la shaba, wageni wakachungulia na kusema "Aa!", wakamvika Mkuu kilemba cha ukoka, na mlango ukafungwa.

Palikuwa pia na daftari la pili, lenye jalada jekundu, lililoandikwa VILIVYOVUNJIKA. Kurasa zake zote zilikuwa nyeupe pepepe. Hilo ndilo alilolionea fahari kuliko vyote vilivyokuwamo chumbani humo.

Msomaji atauliza: sasa wanafunzi walisomaje majaribio? Walisoma kwa mdomo. Mwalimu wao wa zamani, mtu mwema aliyekuwa amechoka kuomba ufunguo, alichora vyombo ubaoni na darasa likaitikia. Karatasi ya buluu ikichovywa kwenye asidi? "Nyekunduuu!" Kizito kikifungwa kwenye uzi kikabembezwa, kinachukua muda gani kwenda na kurudi? "Sekunde mbiliii!" Hilo la bembea lilikuwa limekaririwa mpaka mpishi wa shule alilijua. Lakini uzi wenyewe, kizito chenyewe na saa ya kupimia sekunde hakuna aliyekuwa ameviona nje ya kioo cha kabati.

Mwaka uliotangulia kisa hiki ndipo shule ilipokiona cha mtema kuni. Wasimamizi wa mtihani wa vitendo walikuja na nyuzi zao wenyewe, wamezikata fupi kuliko zile za vitabuni. Watahiniwa arobaini na mmoja wakabembeza vizito, wakabonyeza saa, na wote arobaini na mmoja wakaandika sekunde mbili. Jibu halikuwa mbili. Wasahihishaji hawakuwa na la kufikiri ila moja: hawa wamenakiliana. Matokeo yao ya vitendo yakafutwa, na bila vitendo hakuna cheti cha sayansi.

Katika hao arobaini na mmoja alikuwemo binti wa Bwana Funguo mwenyewe, kitinda mimba wake, ambaye nyumbani na mtaani aliitwa Kitinda tu. Tangu akiwa mdogo alitaka kuwa mpimaji wa hospitalini, yule anayekaa nyuma ya hadubini na kusema huyu ana malaria, huyu hana. Chuo cha wapimaji kilipokea aliyerudia mtihani mara moja. Aliyerudia mara mbili hakikumtaka hata kumsikia. Kwa hiyo mwaka huu Kitinda alikuwa amekalia kuti kavu, na nyumba nzima ilijua. Siku matokeo yalipofutwa, baba yake alimwuliza swali moja tu: "Ulinakili kwa nani?" Binti hakujibu. Baba naye hakuuliza tena, na hapo ndipo mazungumzo yao yalipopungua, yakabaki ya chumvi iko wapi na nani amechukua ndoo.

Basi mwanzoni mwa mwaka akaletwa mwalimu mpya wa fizikia, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, mwenye mkoba mkubwa uliojaa takataka: vizibo, mirija, vipande vya nyaya, betri zilizokwisha. Siku ya kwanza alimpa kila mwanafunzi kitu kutoka kwenye mkoba ule na kusema neno moja: "Gusa!" Siku ya pili hivyo hivyo. Kufikia Ijumaa walikuwa wamemwita Mwalimu Gusa, naye akaitika.

Wiki hiyo hiyo alimfuata Bwana Funguo pale alipokuwa akipangusa kioo cha kabati.

"Mzee wangu, naomba ufunguo wa maabara."

"Wa nini?"

"Wa kufundishia."

Bwana Funguo alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwa. "Mwalimu, hawa watoto unawajua? Hawa ukiwapa chuma watakirudisha vipande viwili. Vitu hivi vitavunjika."

"Vikivunjika vitakuwa vimetumika."

"Ah! Na wageni wakija tuwaonyeshe nini, vigae?"

Mwalimu Gusa alicheka, lakini hakuondoka mpaka shauri lilipofika kwa Mkuu. Mkuu alikuna kidevu, akasema wazo ni zuri sana, zuri mno, ila kuna ugeni mwezi ujao, basi tuvute subira. Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba ugeni wa mwezi ujao haukuwahi kwisha. Bwana Funguo akarudisha kufuli mahali pake kwa mlio uliosikika mpaka ofisini, akajiona mshindi.

Mwalimu Gusa hakubishana. Alirudi darasani, akawaambia wanafunzi kwamba kwao kuna milango, kamba na simu, na vitu vitatu hivyo vinatosha kuanzia.

Jioni ya siku chache baadaye Bwana Funguo alirudi nyumbani akiwa na njaa, akasukuma mlango wa jikoni, na kitu kizito kikamgonga katikati ya paji la uso.

"Mama yangu!" alipiga kelele. "Nani ananipiga ndani ya nyumba yangu?"

"Baba, usiliguse!" Kitinda alipiga kelele zaidi. "Nilishafika kumi na saba!"

Bwana Funguo alifumbua macho. Kutoka kwenye kizingiti cha juu cha mlango ulining'inia uzi wa kiatu chake mwenyewe, kile cha Jumapili, na mwisho wa uzi ule limefungwa kufuli dogo la sandukuni. Mkewe alikuwa ameketi juu ya kigoda, amekamata simu kwa mikono miwili, anapiga picha za video mlango wake mwenyewe bila hata kuona haya.

"Mama Kitinda, na wewe umo?"

"Nimo sana," mkewe akasema. "Sogea, Baba Kitinda, unanizibia. Nimeambiwa nisitingishe mkono."

Akasogea. Alisimama kando ya kile kiatu kisicho na uzi, akatazama binti yake akivuta kufuli pembeni kidogo, akaliachia, akahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Kisha mama na mwana wakainamia simu, wakairudisha video polepole, kufuli likaenda kwenye kioo kama linalosinzia, Kitinda akaandika, akagawanya, akapiga mstari chini ya jibu.

"Moja nukta tatu."

Bwana Funguo alisugua paji la uso. Fizikia hakuisoma, lakini hili moja alilijua, kama alivyolijua mpishi. "Umekosea hapo. Bembea ni sekunde mbili."

"Mbili ni ya uzi wa mita moja, Baba. Uzi ukiwa mfupi kinakwenda haraka. Angalia." Akaukunja uzi nusu, akabembeza, na kweli kufuli likaanza kuhangaika huku na huku. "Hata mwaka jana ilikuwa hivi hivi."

"Mwaka jana kufanya nini?"

Hapo Kitinda akaanza kufungua fundo la uzi ambalo halikuhitaji kufunguliwa. Mama yake akaweka simu mezani.

"Mwambie baba yako," alisema. "Mimi umeniambia."

"Mwaka jana nilipima," Kitinda alisema, akitazama kufuli. "Nikapata moja nukta sita. Nikarudia, nikapata ile ile. Nikaiandika kwenye karatasi. Halafu nikachukua kifutio, nikafuta, nikaandika mbili."

"Ukafuta jibu la haki? Kwa nini?"

"Kwa sababu ile saa nilikuwa naishika kwa mara ya kwanza, Baba. Sikujua hata kitufe kinabonyezwa kwa nguvu kiasi gani. Nikajiambia, mtu anayeshika saa kwa mara ya kwanza hawezi kuwa sahihi, shule nzima ikawa imekosea. Nikajua mkono wangu ndio mbovu." Akanyanyua uso. "Sikunakili kwa mtu."

Chakula kiliwekwa mezani kikapoa. Bwana Funguo alikaa ameshika tama, na mkewe alimjua vya kutosha kumwacha. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayomfanya mtu asijue pa kuweka mikono. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwona binti yake mwizi wa majibu. Na saa za kupimia sekunde alikuwa nazo yeye. Zilikuwa sita, rafu ya pili, upande wa kushoto, katika boksi lao, na kila Jumatatu alizipangusa vumbi.

"Nisamehe, mwanangu," alisema mwishowe.

"Basi nitolee saa moja kabatini," Kitinda akamtania, lakini macho yalikuwa yamemjaa maji. "Nikapimie."

Asubuhi Bwana Funguo hakungoja kuulizwa. Kengele ya kwanza ilipolia alikuwa amesimama mlangoni kwa kidato cha nne, kishada cha funguo mkononi.

"Mwalimu, unataka meza ngapi?"

Mwalimu Gusa alikuwa ameshika chaki hewani. "Zote sita, mzee wangu."

"Na vile vishikwambi?"

"Vinawaka kweli?"

Hilo lilimchoma. "Vinawaka? Mwalimu, vile vimekula umeme kila Ijumaa kwa miaka minne. Vimenenepa!"

Darasa lilicheka, likasimama, likatoka kwa kusukumana. Mkuu alipoona msafara ule unaingia maabara alikuja mbio na tai imemgeukia mgongoni. Akamvuta mtunza maabara kando na kumwuliza kwa kunong'ona kama amelogwa.

"Mkuu, dhamana ya chumba hiki nilitia sahihi mimi," Bwana Funguo akamjibu. "Kikivunjika kitu, nitaandika mimi kwa mkono wangu. Lakini mwaka jana tulivunja watoto arobaini na mmoja, na hakuna daftari tulilowaandika."

Mkuu akaweka tai sawa. Alikuwa na kasoro zake, lakini neno la kweli lilipompiga alijua limempiga. Alirudi ofisini.

Zile karatasi laini za kiwandani zilibanduliwa na Kitinda na wenzake, moja moja, na kila ilipotoka kwa mlio wake wa krrr darasa lilipiga makofi. Robo saa haikupita, msichana mmoja mrefu waliyemwita Twiga akageuka ghafla na kiwiko chake kikaangusha bika, kikombe cha kioo cha maabara, kutoka mezani. Kile kioo kilipasuka vipande vingi. Macho yote yakamwendea Bwana Funguo, na Twiga akajitazama miguu kama anayeiaga.

Bwana Funguo akaleta ufagio, akazoa vigae. Kisha akafungua lile daftari jekundu kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika: "1. Bika. Kiwiko." Akamtazama Twiga. "Haya, endelea. Umekwama wapi?"

Kuanzia siku hiyo maabara ikawa na kelele kama soko. Walipima mpaka vitu ambavyo hakuna aliyewatuma: mlango unachukua muda gani kujifunga, bomba lililovuja linapoteza maji kiasi gani kwa saa, sauti ya Mkuu akifoka inafika wapi. Walirekodi bembea kwa vishikwambi na kuirudisha polepole, wakabishana, wakapima tena. Mwalimu Gusa alikuwa na sheria moja tu aliyoiandika juu ya ubao: ulichokiona ndicho unachokiandika. Mwanafunzi aliyeleta namba ya kitabuni huku uzi wake ukisema vingine alirudishwa mezani hata kama kengele imelia.

Bwana Funguo naye hakusalimika. "Gusa, mzee wangu," mwalimu alimwambia, akimwekea kishikwambi mkononi. Mara ya kwanza alirekodi kidole gumba chake mwenyewe kwa dakika nne, na darasa likaitazama video ile yote kwa heshima kubwa. Lakini kufunga mafundo yasiyoteleza hakuna aliyemfikia. Akawa fundi wa mafundo wa kidato cha nne, na jioni akienda nyumbani na Kitinda, njia nzima walizungumza mambo ya urefu na muda, mpaka Mama Kitinda akasema sasa wamezidi, chumvi iko wapi hakuna anayeuliza tena. Daftari jekundu lilifika namba kumi na nne. Aliiona namba hiyo na moyo haukumwuma.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu. Kitinda alipima vizuri, pengine kuliko wote, lakini kila alipomaliza kuandika, mkono wake wa kushoto ulikuwa tayari umeshika kifutio. Hakukitumia kila mara. Alikishika tu, kwa nguvu, mpaka vidole vikaacha alama juu yake.

Siku ya mtihani wa vitendo ikafika. Kitinda alitoka nyumbani mapema. Bwana Funguo alipokuwa akifunga kamba za viatu aliona kitu cheupe mezani, kando ya kikombe cha binti yake. Ni kifutio. Akaruka. Ameondoka bila kifutio, na leo ndiyo leo! Akakitia mfukoni, akatembea hatua za kijana.

Shuleni alikuta mambo yameharibika. Watahiniwa walikuwa thelathini na sita, wafanye kwa zamu mbili, kumi na wanane kwanza, watatu kila meza. Msimamizi mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa mnyororo, alikuwa amefungua sanduku lake lenye lakiri. Nyuzi zilikuwemo, safari hii kila mtahiniwa na urefu wake, ili asiyepima asipate wa kumchungulia. Saa za kupimia sekunde zilikuwemo pia, kumi na nane. Akabonyeza ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Zilikuwa zimefungiwa stoo mwaka mzima na betri zimekufa humo humo. Katika kumi na nane, zilizowaka ni mbili.

"Nitauahirisha," mama yule alisema. "Sina namna. Mpaka mwakani."

Watahiniwa waliokuwa wamepanga mstari nje walisikia. Bwana Funguo aliwatazama, akamwona binti yake, uso umemkauka. Mwakani chuo kingehesabu amerudia mara mbili, kikamfungia mlango. Akapiga moyo konde.

"Mama, saa za shule ninazo. Sita, zote zinatembea."

"Sita na mbili ni nane, baba. Nahitaji kumi na nane."

"Na vishikwambi kumi. Vina saa ndani, inapima mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Watoto wanavijua."

Mama wa miwani alikunja uso. "Vishikwambi? Ndani yake mna nini? Madokezo? Majibu?"

Hapo Bwana Funguo akafanya jambo alilokuwa amelifanyia mazoezi miaka minne bila kujua. Akaleta lile daftari la Ijumaa, akaliweka mbele yake. Kila Ijumaa ilikuwemo, hata za likizo. Kumi, vimejaa. Jana ilikuwa Ijumaa. Na kuanzia mwaka huu palikuwa na mstari wa pili, kwa mwandiko ule ule: "Vimesafishwa. Hakuna kitu ndani." Kisha akavipanga mezani, akaviwasha kimoja kimoja mbele ya macho yake, akazima mtandao kwenye vyote kumi kwa kidole ambacho miezi michache nyuma kilikuwa kinajirekodi chenyewe. Mama yule alivikagua, akafungua hiki, akafungua kile. Akapiga simu ofisini kwake, akaeleza, akasikiliza, akaeleza tena. Dakika zile zilikuwa ndefu.

"Mbili zetu, sita zenu, na kumi za kioo," alisema akikata simu. "Kumi na nane. Waingie."

Mwalimu Gusa, ambaye hakuruhusiwa kusogea karibu, alionekana dirishani akirukaruka kama mtoto.

Bwana Funguo aliruhusiwa kubaki ndani kama mtunza vyombo. Kitinda alipangiwa meza ya tatu, na kishikwambi ndicho kilichomwangukia. Alipima uzi kwa rula, akaufunga, fundo la baba yake. Akabembeza, akahesabu, akagusa kioo. Akarudia. Akarudia tena. Baba yake alipita kando kwa hatua za polepole, akajitia hamnazo, lakini macho yakaiba: moja nukta nne. Akatupa jicho kwa Twiga aliyekuwa pembeni: moja nukta nane. Hakuna hata mmoja mwenye mbili, na hakuna wawili wanaofanana! Akili ilimwambia nyuzi ni tofauti. Lakini mwili wake ulikuwa bado ni wa mtu aliyeamini mbili kwa miaka kumi na minane, nao ulitoka jasho.

Kisha akamwona Kitinda ananyoosha mkono wa kushoto mezani, anapapasa kama anayetafuta kitu. Bwana Funguo akakumbuka mfuko wake. Akamwonyesha msimamizi kifutio, msimamizi akakigeuza huku na huku, akaitikia kwa kichwa. Akakiweka kando ya karatasi ya binti yake.

Kitinda alikitazama. Akamtazama baba yake. Halafu, kwa kidole kimoja, akakisukuma kile kifutio mpaka ukingoni mwa meza, upande wa baba, kikaanguka kiganjani mwake. Akashika ile rula aliyokuwa akiitafuta, akaupima uzi tena, akabembeza kwa mara ya nne, akapima, akaweka alama ndogo ya vema kando ya moja nukta nne. Kisha akafungua ukurasa wa pili.

Walipotoka jua lilikuwa limepanda. "Hukukisahau," Bwana Funguo alisema.

"Nilikiacha makusudi, Baba. Ukanifuata nacho!"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza," binti akasema, na wakacheka mpaka Mkuu akachungulia dirishani.

Matokeo yalibandikwa ubaoni baada ya wiki kadhaa. Katika wale thelathini na sita, waliofaulu vitendo ni thelathini na sita. Kitinda alipata alama ya juu kabisa, yeye na Twiga. Mwalimu Gusa alilia hadharani bila kujificha. Mama Kitinda, aliyekuja na kanga ya kazini, alipiga vigelegele vilivyosimamisha vipindi vitatu. Barua ya wasahihishaji ilisomwa mbele ya shule nzima, na ilikuwa fupi: majibu ya watahiniwa wa shule hii yalitofautiana yote, na yote yalikuwa sahihi. Mkuu aliisoma mara mbili kwa sauti ya mtu aliyelifikiria jambo lile peke yake. Walimwachia, siku ile palikuwa na furaha ya kumtosha kila mtu.

Kitinda alipokelewa chuoni. Asubuhi aliyoondoka alimwachia tena baba yake kifutio kile, alichokuwa amemrudishia, mezani, kando ya kikombe, naye bado anacho.

Siku hizi usiku maabara hufungwa kwa komeo la kawaida. Lile kufuli kubwa la shaba Bwana Funguo alilitungia uzi wa mita moja kamili, akalitundika kwenye ndoano ya darini, katikati ya chumba, kwa fundo lisiloteleza. Ndilo la kwanza ambalo wanafunzi wapya hukutana nalo. Juzi alimkuta msichana mdogo wa kidato cha kwanza, sare bado ina mikunjo ya dukani, amesimama chini yake na saa mkononi.

"Linakwenda kwa muda gani?" akamwuliza.

"Sekunde mbili."

Bwana Funguo alikunja uso. Hilo jibu alikuwa amelisikia likiimbwa miaka mingi.

"Nani amekwambia?"

Mtoto alimtazama kana kwamba swali lenyewe halina maana.

"Nimepima," alisema, akalivuta kufuli, akaliachia tena.